Mnawishaji wa Mfalme

Kosa la Dinah Mkawasi lilikuwa adabu. Naanza hapo makusudi, maana wapo watakaosikia mkasa huu waseme mwanamke yule alichezea mambo, au alichukua kitu kisicho chake, na hao nawaomba wanyamaze mapema. Dinah alikuwa anakula, akaona mtu anapita mlangoni, akasema karibu. Ni nani kati yetu hajafanya hivyo, tena kila siku?

Alikuwa mfanyakazi wa usafi katika jumba moja la kale magharibi mwa London, kando ya mto. Katika karne ya kumi na sita lilikuwa ikulu. Siku hizi ni makumbusho, na watalii huja kupiga picha vitanda vya wafalme. Yeye na mwenzake Angélique, mama wa Kikongo kutoka Bukavu, waliingia hakujapambazuka, wakapiga deki na kufuta vumbi kabla milango haijafunguliwa. Wakati wa mapumziko Angélique alikaa karibu na hita na simu yake. Dinah alikuwa na chumba kidogo cha mawe nyuma ya ukumbi mkubwa wa kulia, hakina kitu ila benchi na beseni la jiwe lililochongwa ukutani. Hapo ndipo alipofungua chakula chake, ugali na mboga, akala kwa mkono kama alivyolelewa kwao Voi, bila mtu wa kumkodolea macho.

Asubuhi hiyo kivuli kilipita. Hakuinua hata kichwa. Alisema tu, mdomo umejaa, "Karibu tule," akidhani ni mlinzi au ni Tony, supavaiza wao. Hakuna aliyejibu. Lakini benchi lililia upande wa pili, vile linavyolia mtu mzima anapoketi kwa uangalifu kwenye ncha, na Dinah alipogeuka hapakuwa na mtu. Palikuwa na harufu. Ilikuwa ya sufu iliyorowa, na juu yake marashi ya waridi yaliyochacha.

Baadaye Angélique alimuuliza alikuwa anaongea na nani. Dinah akasema, na mtu aliyepita. Angélique akamwambia korido ile yote imefungwa na ufunguo uko mfukoni mwake.

Ungedhani mtu angehama chumba. Mimi ningehama, tena ningehama na kazi yenyewe. Dinah alirudi kesho yake kwa ukaidi tu. Akanyoosha mikono juu ya lile beseni, akiwa hata hajafungua chupa yake, na maji yakammwagikia. Yalikuwa ya vuguvugu. Yalitoka hewani, juu kidogo ya vidole vyake, uzi mwembamba usiotetereka, yakapita kidole baada ya kidole bila haraka, kisha yakakoma. Taulo hakuletewa. Alijifuta kwenye aproni, akala chakula chote mpaka kikaisha kwa sababu aliogopa kuinuka.

Sasa nielewe kuhusu mikono ile. Ilikuwa mibovu. Dawa za kusafishia na baridi ya nchi ile vilikuwa vimeipasua mpaka inatoka damu kwenye mikunjo, na kila marhamu aliyopewa haikufua dafu. Maji yale yaliiponya. Ngozi ilirudi laini, kucha zikang'aa, akawa anajitazama vidole ndani ya basi kama mwari. Na kuna jambo lingine, ambalo Dinah mwenyewe hakupenda kulisema. Baba wa binti yake, Marion, alirudi Nairobi zamani akaoa huko, na tangu siku hiyo hakuna mtu mzima aliyewahi kumtumikia Dinah hata kwa kumshikia mlango. Alijiambia ni malaika. Mtu akishataka kuamini hivyo humwambii kitu.

Wa kwanza kuumia alikuwa Angélique, na kosa lake yeye lilikuwa chai. Alimletea Dinah kikombe kila asubuhi, maana alijua mwenzake hutoka nyumbani tumbo tupu. Siku hiyo aliingia nacho kwenye kile chumba cha mawe, akakiweka kwenye benchi, akasimama ghafla akitazama kitu nyuma ya bega la Dinah. Hakupiga kelele. Alitoka kinyumenyume, polepole, na kesho yake hakuja kazini. Vidole vyake vya mkono wa kulia, vile vilivyoshika kikombe, vilikuwa vimegeuka rangi ya jivu na kupoa kama vya maiti. Hospitali walimlaza bila kujua wamwandikie ugonjwa gani.

Dinah alikwenda kumwona. Angélique alisubiri mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili amesinzia, ndipo akamvuta karibu.

"Ule muntu haiko muntu, Mama Marion," alinong'ona. "Alisimama nyuma yako na birika. Aliniangalia vile muke anaangaliaka muke mwenzake."

Dinah akamwambia apumzike, homa ndiyo inayosema. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani aliificha mikono yake mizuri ndani ya koti. Aliona aibu, na aibu ile ilikuwa haki yake kabisa.

Aliacha kula kwenye kile chumba. Alimwomba Tony ambadilishie sehemu, akapelekwa upande wa duka la zawadi, akala mapumziko yake kwa uma mbele ya kamera za ulinzi. Akadhani amemaliza. Kumbe aliyealikwa haalikwi kwenye chumba, huwa ameitwa na mtu. Siku hiyo kwenye basi la kurudi kwake Edmonton, kaskazini mwa jiji, watu walisimama wamebanana hadi mlangoni, na kiti cha pembeni yake kikabaki kitupu tangu mwanzo wa safari hadi mwisho. Kila aliyetaka kukikalia aliinama, akasita, akajifanya anatafuta simu. Dinah aliposhuka aliona kitambaa cha kiti kimelowa.

Marion, binti yake wa pekee, alikuwa darasa la mwisho la shule ya msingi, mrefu kwa umri wake, mwenye mdomo. Alizaliwa palepale Edmonton. Kiswahili alikisikia chote na kukijibu kwa Kiingereza, hata Dinah alishazoea kuongea na mwanawe kila mtu na lugha yake. Jambo moja tu la Voi Dinah alikuwa amekataa kuliachia London: Jumapili, wakitoka kanisani, kabla ya kula, mtoto humnawisha mama yake. Huleta beseni na birika, humimina maji, hushika taulo. Marion alinung'unika kila wiki kwamba bomba liko hapo jikoni. Na kila wiki alimimina, akiwa amekunja uso na huku anachekacheka, na nadhani hakuna kitu duniani ambacho Dinah alikipenda kuliko dakika hiyo.

Jumapili hiyo Marion alipiga magoti na beseni, akainua birika. Kabla hajaliinamisha, maji yalikuwa tayari yanamwagika juu ya mikono ya mama yake, ya vuguvugu, yenye waridi, yakitoka mahali pengine kabisa. Marion akabaki na birika lake hewani. Akauliza kwa Kiingereza, kwa sauti ndogo sana, ni nani anayemshika mkono.

Dinah alimpokonya birika na kumkumbatia. Hawakula. Ilipofika jioni ncha za vidole vya Marion zilikuwa za kijivu.

Sitaki kukuchosha na mambo ya hospitali. Walimpima damu, wakampima moyo, wakamvisha glavu za joto, wakauliza kama amewahi kulala nje kwenye barafu. Kijivu kilipanda kutoka kwenye kucha hadi kiungo cha kwanza, halafu cha pili. Mtoto hakuwa na maumivu, na hilo ndilo lililowatia madaktari wasiwasi zaidi. Hatimaye daktari mmoja wa kike alimkalisha Dinah pembeni na kumwambia, kwa upole mwingi, kwamba wampe muda kidogo zaidi nyumbani, lakini kikivuka kiganja itabidi wakate, na kama kuna kitu ndani ya damu basi mkono hautakuwa mwisho wake. Dinah aliitikia kwa kichwa kama mtu anayeelezwa njia ya kwenda stesheni. Kisha akaingia chooni, akauma kitambaa chake cha kichwa, akalia.

Watu wa kanisa lake walikuja nyumbani kuomba. Walishikana mikono kuzunguka kochi alilolala Marion, mchungaji akaanza kukemea, sauti zikapanda, vikombe vikatikisika kabatini. Mchungaji alipofika mwisho na kuvuta pumzi, sauti ya mwanamume, nzito, yenye heshima, ikasema "Amina" kutoka kwenye kona isiyo na mtu. Ilimtangulia kila mmoja. Wageni walikumbuka kwamba wana shughuli, wakaondoka kwa makundi, na chai iliyokuwa imeandaliwa ikabaki.

Siku zilizofuata Dinah aliishi na mtu wa tatu katika flati ile. Alisikia hatua zake kwenye zulia la ukumbini, mguu mmoja ukiburutika, zikija pale anapoinuka na kukoma pale anapokaa, na kila alipofungua bomba maji yalitoka ya vuguvugu kabla hajagusa alama nyekundu, na akiingia chumbani kwa Marion kumlisha uji ile harufu ya sufu na waridi ilimtangulia mlangoni ikakaa katikati yake na kitanda cha mwanawe, kama mtu anayesubiri aambiwe kwamba yule pale hatakiwi tena, na alipomkaripia Marion kidogo tu, kwa uchovu, kwa sababu amemwaga uji, kijivu kile kilisogea machoni pake, kikapanda upana wa ukucha mzima, ndipo akaelewa kwamba anasikilizwa na kwamba hasira yake ya mzazi imechukuliwa kuwa amri. Tangu hapo hakuthubutu hata kumwambia mtoto afunge mlango.

Aliyemwokoa, kama kuokoa ndilo neno, ni Angélique. Wodini kwake palikuwa na muuguzi wa Kipwani aliyevitazama vile vidole akamnong'oneza jina la Bi Tima, mwanamke wa Mji wa Kale, Mombasa, aliyeishi Kilburn, London humohumo, juu ya duka la simu. Kazi yake ilikuwa kushona mabuibui. Majini aliyatibu pembeni, kwa manung'uniko, kama mtu anayeombwa kila siku amshikie jirani mtoto.

Bi Tima alifika Edmonton mchana kweupe, amevaa makoti mawili, akilalamikia magoti, basi, baridi na ngazi. Dinah alimwamkia shikamoo. Hakuitika mpaka amemshika mikono na kuigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Mikono hii umepewa na nani?" aliuliza.

Dinah akamweleza yote, na lile neno "karibu" alilolisema, na beseni la jiwe. Bi Tima alisonya. Akatoa chetezo mkobani, akawasha ubani, akavitoa betri vile vidude vya kupiga kengele ya moshi, akakaa chini karibu na kochi. Kwa kawaida, alisema, jini humpanda yule aliyemfuata. Lakini huyu hatampanda Dinah, kwa kuwa mtumishi hathubutu. Atatafuta mdomo mwingine.

Aliutafuta wa Marion. Mtoto aliketi wima na kuinamisha kichwa kwa adabu. Na yule Marion ambaye tangu kuzaliwa hakuwahi kumaliza sentensi moja ya Kiswahili bila kuchomeka Kiingereza, akafungua kinywa na kusema Kiswahili kisafi, chenye lafudhi ya Kitaita ya mama yake mwenyewe, maana huyo kiumbe hakuwa na mwalimu mwingine.

"Wataka nini kwa mtoto wa watu?" Bi Tima alimuuliza.

"Kwa mtoto sitaki kitu, bibi. Mtoto amekaa mahali pangu."

Akasimulia, polepole, macho chini. Alikuwa mnawishaji wa mfalme. Si bwana mkubwa. Mabwana wakubwa walikuwa na farasi na majumba, yeye alikuwa na birika. Lakini mwenye birika husimama karibu na mfalme kuliko jemadari, na aliyesimama karibu husikia, na kwa hicho alichosikia watu walimsalimia kwanza. Nyuma yake alisimama mwingine, mshika taulo. Mmoja humimina, mwingine hufuta. Walilala chumba kimoja cha juu, kitanda kimoja kama ilivyokuwa kwa watu wa daraja lao, na kwa miaka mingi kila mmoja alilala akisikiliza pumzi ya mwenzake na kuomba ikome. Walibadilisha dini pamoja mfalme alipobadilisha. Walisingiziana kwa wakubwa, mmoja kwamba mwenziwe anaiba sabuni, mwingine kwamba mwenziwe anaongea usingizini mambo ya dini ya zamani, ya Roma. Mshika taulo alikuwa na meno mazuri na tabia ya kutafuna karafuu, na mfalme alianza kumchekea.

Bi Tima alimuuliza mwisho wake ulikuwaje.

"Nilipaka chokaa ya kuunguza kwenye taulo lake," mdomo wa Marion ulisema. "Akaligundua. Akalikung'utia ndani ya birika langu. Mfalme akaungua vidole, mimi nikatolewa nje."

Hakukatwa kichwa. Watu wadogo hawakatwi vichwa, alisema, na alilisema hilo kwa uchungu kana kwamba kunyimwa shoka ndiyo dharau kubwa kuliko zote. Mwenzake alipewa birika. Yeye alisimama mlango wa jikoni kipupwe chote, akingoja aitwe arudishwe, mpaka mguu ukaoza kwa barafu, mpaka akafa, na baada ya kufa akaendelea kusimama. Wafalme walipita, watumishi walipita, watalii wakapita. Hakuna aliyemwita mezani mpaka alipokuja mwanamke mwenye ndoo.

Marion alianguka kwenye mto, akalala. Dinah alimwambia Bi Tima amfukuze, amfukuze sasa hivi, yeye atafanya lolote.

Bi Tima alimvuta jikoni na kufungua bomba ili wasisikike.

"Huyu hafukuzwi, mwanangu. Alifukuzwa mara moja ndiyo akawa hivi. Maadamu ni mtumishi wako, hatoki. Mfanye mgeni. Mgeni hula akenda zake."

Akampa mafunzo. Dinah apike, aandae meza, amwite. Kisha yeye, bibi wa nyumba, achukue birika na kumnawisha yule mtu kwa mikono yake, kama anavyonawishwa mgeni wa heshima kwao na kwa Waswahili wote. Akishamnawisha, utumishi umekwisha. Amlishe, amshukuru kwa kuja, amsindikize. Na asimsindikize mpaka mlangoni tu kama wanavyofanya watu wa huku, amtoe njiani hasa, mpaka kwenye usafiri wake. Sharti ni moja: wakiagana, asije akamwambia karibu tena. Bi Tima alirudia hilo huku amemshika sikio kama mtoto.

Walifanya Jumapili, saa ya mchana. Dinah alipika pilau. Alivaa nguo yake ya kanisani. Akavuta kiti, akasema, "Karibu, mgeni wangu," na kiti kikalia. Alipiga goti na beseni, akainua birika, akamimina juu ya hewa tupu. Maji hayakuanguka moja kwa moja. Yaligawanyika. Yalipita juu ya kitu, yakazunguka vidole vyembamba, virefu, visivyokuwepo, yakachora kiganja, yakadondoka kutoka kwenye kucha, na Dinah, aliyekuwa amekuja pale na chuki ya mama mzima, aliona mikono ile inavyotetemeka na akajikuta anaionea huruma. Kulikuwa na sauti ya mwanamume anayelia bila kutaka asikike. Dinah alimfuta kwa kanga yake mwenyewe. Katika maisha yake na mauti yake, nadhani, hakuna aliyewahi kumnawisha yule mtu.

Pilau ilipoa kwenye sahani ya mgeni, ikafanya ukungu machoni pao, ikakauka. Kiti kikasogea nyuma. Dinah akavaa koti, akamwacha Marion kwenye kochi na Bi Tima, akashuka ngazi na yule mgeni.

Walitembea pamoja kupita maduka na kituo cha basi, watu wakiwapisha bila kujua wanampisha nani, na kando ya viatu vyake lami kavu ikawa inapata alama za maji, mguu mmoja mzima, mmoja wa kuburuta. Dinah aliongea naye njia nzima kama anavyoongeleshwa mgeni: hali ya hewa, safari, poleni na barabara. Kwenye jukwaa la stesheni waliingoja treni ya Overground. Ilipofika na milango kufunguka, maneno ya kuagana yalimpanda kooni yenyewe, yale aliyofundishwa kabla hajajua kusoma, na akauma ulimi mpaka akaonja damu. Akasema, "Nenda salama. Asante kwa kuja." Harufu ya waridi ilimpita usoni. Milango ikafungwa, treni ikaondoka, na kwenye jukwaa palibaki alama za miguu ya mtu mmoja zinazoanza kukauka.

Alirudi mbio. Marion alikuwa ameketi anakula, kwa mkono, na vidole vyake vilikuwa vya rangi yake. Dinah alivibusu kimoja kimoja akilia kama mwendawazimu, na Bi Tima, aliyekuwa anatoka chumbani alikokuwa akiswali alasiri, alifunga mkoba wake na kuuliza nani atamsaidia na zile ngazi. Angélique naye alipata nafuu juma hilohilo, ingawa vidole viwili vilikuwa vimeshakatwa. Mikono ya Dinah ilianza kupasuka upya. Alishukuru kila ufa.

Kipupwe kilikwisha. Marion alirudi shule, akanenepa mashavu, na ajabu ni kwamba kile Kiswahili kilibaki naye. Alikisema sasa nyumbani bila kulazimishwa, kwa heshima, hata Dinah akawa anawapigia ndugu zake Voi wamsikie. Akawa mtoto wa kutulia, asiye na haraka. Jumapili moja Dinah aliweka pilau mezani, akamngoja aende kuleta beseni. Marion hakuinuka. Beseni lilikuwa mezani tayari. Mtoto alinyoosha mikono juu yake na kungoja, anatazama dirishani.

Dinah alicheka. Alimwambia kwa utani kwamba leo basi atanawishwa yeye, mheshimiwa, akachukua birika na kummiminia, moyo umejaa furaha kwa kuviona vidole vile vizima. Alipomaliza, taulo jeupe likaja kutoka nyuma ya kiti cha Marion. Halikushikwa na mtu. Lilivikausha vidole vya mtoto kimoja kimoja, taratibu, kwa ustadi, na Marion hakuligeukia hata kulitazama. Chumba kilinuka karafuu.

"Usiogope, mama," Marion alisema kwa Kiswahili chake kizuri. "Siku ile ulipomsindikiza yule, Bi Tima akaenda kuswali. Huyu alikuja kunifuta jasho. Nikamwambia asante, akae."

Dinah alisimama palepale na birika mkononi. Aliwaza kumwita Bi Tima. Aliwaza jinsi huyu naye angeweza kunawishwa, kulishwa na kusindikizwa mpaka kwenye treni, na nani angekuwa amesimama nyuma yake akingoja nafasi iwe wazi, na nani nyuma ya huyo, kwa sababu ikulu ile ililisha mamia ya watu na kila mmoja alikuwa na mwenzake wa kumwombea mabaya. Na aliwaza jambo moja zaidi, akaliwaza kwa utulivu kabisa. Watu wale hawakuwahi kumdhuru kwa makusudi yule waliyemtumikia. Waliwadhuru waliokuwa karibu naye. Katika nyumba nzima, mtu wa pekee aliye salama sasa alikuwa Marion.

Baridi ilianzia kwenye kucha za mkono ulioshika birika. Hakukuwa na maumivu. Dinah alilitua birika mezani polepole, akaficha mikono chini ya kitambaa cha meza, akamwambia mwanawe ale kabla pilau haijapoa.